Tumbusi, Thamosi na Mshale Unaodanganya

Baada ya Dumila, barabara ya Dodoma huanza kupanda. Abiria aliyekuwa akijipepea kwa gazeti kule Dakawa hufika Gairo akitafuta koti, maana mji huu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake haumsubiri mgeni ashuke kwenye basi. Milima ya Ukaguru iliyo jirani huunyima mji sehemu kubwa ya mvua, na Gairo imebaki nchi ya viazi vitamu, alizeti na vumbi. Ifikapo saa nne asubuhi, jua likishaichoma miteremko iliyo wazi, mwewe na kunguru huanza kuzunguka juu ya mabati ya mji bila kupiga bawa hata mara moja. Wanapanda tu.

Aliye chini huona jambo jepesi. Kwa rubani wa glaida, yaani ndege isiyo na injini, hakuna gumu kulishinda hilo: kujua, pale alipoketi, kwamba hewa iliyomzunguka inapanda na si kushuka. Historia ya kulitatua fumbo hilo husimuliwa kwa kawaida kama habari ya Ujerumani na Uingereza. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini Tanzania na jirani zake wamo ndani yake, na si kwa kupita tu.

Ugumu unaanzia mwilini. Mtu akiingia kwenye lifti ya jengo refu Dar es Salaam, huhisi inapoanza kwenda na inapokaribia kusimama. Katikati, ikienda kwa kasi ile ile, mwili hauna habari. Angani ni hivyo hivyo, na huko hakuna ukuta wala dirisha la jirani la kulinganishia. Rubani wa glaida anaweza kushuka mita 2 kila sekunde, na dakika nzima ikapita akidhani ametulia. Altimeta itamwambia, ila kwa kuchelewa: mpaka mshale wake usogee kiasi cha kuonekana, ile nguzo ya hewa inayopanda imeshabaki nyuma.

Kifaa kinachojibu swali hilo huitwa variometa. Kazi yake ni moja, kuonyesha kasi ya kupanda au kushuka, na ufundi wake wa kwanza ulikuwa wa kushangaza kwa urahisi. Chukua chupa iliyojaa hewa, iliyofunikwa vizuri isipate joto wala baridi ya nje. Itobolee mrija mwembamba unaofika nje ya ndege. Ndege ikipanda, mgandamizo wa hewa nje hupungua, na hewa iliyomo chupani hutoka. Ikishuka, hewa huingia. Weka kwenye mrija huo kibati chepesi kinachosukumwa na hewa inayopita, kifungie mshale, na rubani ameshapata jibu. Kwa chupa, marubani wa mwanzo walitumia thamosi, ile ile inayokaa juu ya meza za mama lishe wa Gairo ikiwa na chai ya tangawizi. Chupa ya ujazo wa karibu nusu lita ndiyo iliyokuja kuwa kipimo cha kawaida, na hadi leo viwanda vya vyombo vya glaida huuza chupa za mililita 450.

Wazo hilo halikuanza na glaida. Wapanda maputo wa karne ya 19 walikuwa na vyombo vya kuhisi kupanda na kushuka, kwa sababu anayekwenda na puto hukosa hata upepo usoni wa kumwongoza. Miongoni mwao alikuwa Arthur Berson, mwanasayansi wa hali ya hewa aliyefanya kazi Ujerumani. Tarehe 31 Julai 1901, yeye na Reinhard Süring walipaa kutoka Berlin kwa puto lililoitwa Preussen mpaka mita 10,800, wakiwa kwenye kikapu kilicho wazi, na wote wawili wakazimia kabla puto halijaanza kurudi chini. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletwa Afrika Mashariki mwaka 1908, akiwa na Hermann Elias, kwa niaba ya kituo cha serikali cha kupima anga kilichokuwa Lindenberg.

Msafara wao ulirusha maputo na tiara zenye vyombo vya kupimia, ikiwemo juu ya Ziwa Viktoria. Walichokipata kiliwashangaza wenzao Ulaya. Wengi walitarajia kwamba juu ya ikweta, nchi ya jua kali, anga ya juu ingekuwa na joto kuliko ile ya Ulaya. Vyombo vilirudi na habari ya baridi ya zaidi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na pepo za magharibi huko juu kabisa, mahali palipodhaniwa kuwa na pepo za mashariki peke yake. Pepo hizo zilipewa jina la Berson katika vitabu vya hali ya hewa. Kabla hajatokea yeyote wa kuruka kwa hewa inayopanda juu ya nchi hii, anga yake ilikwishapimwa kwenda juu.

Kisha ikaja vita, na baada ya vita Mkataba wa Versailles wa 1919. Mkataba huo uliinyang'anya Ujerumani Afrika Mashariki yake, na pia uliibana Ujerumani isijenge wala kurusha ndege za injini kama ilivyotaka. Vijana waliopenda kuruka wakahamia kwenye glaida. Tangu 1920 walikusanyika kila mwaka kwenye mlima wa Wasserkuppe, na mwanzoni hawakujua njia nyingine ya kubaki juu isipokuwa kung'ang'ania upepo unaogonga mteremko na kupanda. Aliyeuacha mteremko alitua. Ndipo Alexander Lippisch, mbunifu wa ndege, alipomshauri rubani Robert Kronfeld afunge variometa. Inasimuliwa kwamba walikubaliana kuifanya siri: mtu akiuliza thamosi ile ni ya nini, ajibiwe ni ya kahawa. Mwaka 1929 Kronfeld akawa wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa glaida, na mwaka huo huo akaitumia hewa inayopanda mbele ya mawingu ya radi kwenda mbali zaidi. Siri haikukaa. Baada ya miaka michache hapakuwa na rubani wa maana aliyeruka bila chupa yake.

(Kronfeld mwenyewe, aliyekuwa Myahudi kutoka Austria, alilazimika kuondoka Ujerumani mwaka 1933. Alikufa Uingereza mwaka 1948 akijaribu ndege mpya isiyo na mkia.)

Waingereza walikuwa na aina yao, Cosim, yenye mirija miwili ya kioo iliyosimama wima: kwenye mmoja kijiwe cha kijani hupanda hewa ikiwa njema, kwenye mwingine chekundu hupanda hewa ikiwa mbaya. Rubani hakuhitaji kusoma namba. Ni chombo kizuri kuliko vingi vilivyokifuata, na waliokitumia walikisifu kwa kujibu haraka, jambo ambalo variometa nyingi za mshale zilikuwa hazijaliweza.

Haraka, lakini si kwa ukweli. Hapo ndipo ilipo sehemu tamu ya historia hii. Rubani anayeruka kwa kilomita 150 kwa saa akiivuta fimbo ya usukani mpaka kasi ishuke hadi kilomita 100, glaida itapanda karibu mita 50 hata kama hewa imelala kabisa. Imebadilisha kasi yake kuwa kimo. Mshale wa variometa utaruka juu, rubani atafurahi, ataanza kuzunguka akitafuta nguzo ya hewa isiyokuwepo, na atapoteza zile mita zote kabla hajagundua kwamba aliyeusukuma mshale ni mkono wake mwenyewe. Kwa miaka kumi na zaidi marubani waliishi na uongo huo, wakijifunza kutouamini mshale kila walipoivuta fimbo.

Dawa ilipendekezwa na Mmarekani Arthur Kantrowitz mwishoni mwa miaka ya 1930: kifaa kisipime kimo peke yake, kipime nguvu yote ya ndege, kimo na kasi kwa pamoja. Njia iliyoshinda ni mrija mwembamba unaochomoza kwenye hewa safi, mara nyingi mbele ya mkia, ukiwa na tundu au mfereji upande wa nyuma. Hewa ikipita kwa kasi hunyonya kwenye tundu hilo, na mnyonyo huongezeka kasi ikiongezeka, kwa kiwango kinachofuta kabisa kosa la fimbo. Frank Irving wa Uingereza alibuni mrija wa aina hiyo, Wajerumani wa Braunschweig wakawa na wao, na Oran Nicks, aliyekuwa mtu wa NASA, akatengeneza wake uliopendwa sana kwa kuwa ni kipande cha bomba jembamba lililopindwa na kutobolewa. Upana wa tundu na pembe ya mpindo vikikosewa kidogo tu, uongo unarudi.

Kwa sababu hiyo mafundi wa glaida hupoteza muda mwingi kwenye mipira kuliko kwenye chombo chenyewe. Mpira mrefu huchelewesha jibu. Mpira laini hujikunja na kutanuka, na kila unapotanuka mshale hutikisika. Uvujaji usioweza kusikika kwa sikio hutosha kuifanya variometa ya bei mbaya iwe pambo la dashibodi. Chupa ikipigwa na jua kupitia kioo cha chumba cha rubani, hewa yake hutanuka na kuonyesha upandaji wa bure, na ndiyo maana hufichwa nyuma ya kiti au chini ya dashibodi, na wengine huijaza nyuzi laini za chuma zinazosugulia sufuria ili joto la ndani lisibadilike ghafla. Fundi mzoefu hufunga variometa mbili zisizotegemeana: ya umeme kwa kazi ya kila siku, na ya zamani ya mshale kwa siku betri itakapozimika. Paul MacCready, Mmarekani aliyeshinda ubingwa wa dunia wa glaida mwaka 1956 huko Saint-Yan, Ufaransa, alijulikana kwa pete aliyoizungushia variometa yake: ilimwambia, kwa nguvu ya hewa aliyotarajia mbele, aende kwa kasi gani kati ya nguzo moja na nyingine.

Tumbusi hana pete, hana mrija, wala hana chupa.

Januari 10, 1959, Michael Grzimek, kijana wa miaka 24, alikuwa akiruka peke yake upande wa Serengeti katika ndege ya Dornier iliyopakwa mistari ya pundamilia. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakiwahesabu wanyama wa nyanda zile kutoka angani. Ndege yake iligongana na tumbusi, bawa likaharibika, naye akafa. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Maabara iliyojengwa Banagi kwa kumbukumbu yake ilikuwa mbegu ya Taasisi ya Utafiti ya Serengeti, na ni katika taasisi hiyo, miaka michache baadaye, tumbusi waliacha kuwa hatari ya njiani wakawa wenyeji wa kufuatwa.

Aliyewafuata ni Colin Pennycuick. Alikuwa mwanabiolojia wa Uingereza aliyewahi kuwa rubani wa jeshi la anga, na kule Bristol alikwishawafundisha njiwa kuruka mbele ya feni ndani ya handaki la upepo lililoweza kuinamishwa. Mwaka 1968 alikuja Nairobi kufundisha chuo kikuu, na kati ya 1971 na 1973 alikuwa naibu mkurugenzi wa taasisi ya Serengeti. Alichokileta kilikuwa glaida yenye injini ndogo, Schleicher ASK 14, ya kiti kimoja na mabawa ya mita 14.3 kutoka ncha hadi ncha. Injini ilikuwa na nguvu za farasi 26 tu, pungufu ya pikipiki kubwa, na kwenye mwinuko wa Nairobi hewa nyembamba huila injini kama hiyo karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Lakini ilitosha kumfikisha kwenye nguzo ya kwanza ya hewa. Hapo alizima injini, pangaboi likasimama, naye akawa ndege miongoni mwa ndege.

Uzuri wa njia hiyo uko kwenye hesabu yake. Mtu aliye chini na darubini hawezi kujua tumbusi anapanda kwa kasi gani, kwa kuwa hajui yuko mbali kiasi gani. Rubani anayezunguka naye ndani ya nguzo ile ile ana vyombo vyake mbele: anajua kasi yake mwenyewe na anajua anapanda kiasi gani. Ndege akionekana kuinuka kuliko bawa la glaida, amemshinda. Akionekana kuzama, ameshindwa. Glaida yenyewe ilikuwa kipimo.

Na tumbusi walimshinda mara nyingi, hasa asubuhi, kwa sababu inayoeleweka kwa hesabu ya shule. Anayezunguka polepole huzunguka duara dogo. Kwa mlalo wa nyuzi 30, chombo kinachokwenda mita 20 kwa sekunde huhitaji duara lenye nusu kipenyo cha mita 70. Tumbusi akienda mita 11 kwa sekunde, humtosha mita 21 hivi. Nguzo za hewa za asubuhi ni nyembamba. Ndege hutoshea ndani, glaida huzungukia pembeni ambako hewa inashuka. Baadaye mchana, nguzo zikishanenepa, glaida hulipiza: mabawa yake marefu humpeleka mbali zaidi kwa kila mita anayoipoteza kati ya nguzo moja na nyingine.

Siku moja Pennycuick alimfuata tumbusi wa Rüppell kwa kilomita 75. Safari ilichukua dakika 96, wastani wa kilomita 47 kwa saa, na ndege yule alisafiri kwa kupanda ndani ya nguzo na kuteleza hadi nyingine. Aliyashika yale ambayo MacCready aliyaandika kwenye pete. Tumbusi hao huzaa kwenye majabali ya milima ya Gol, mashariki mwa Serengeti, na nyumbu waliokufa huwa popote msafara ulipo. Safari ndefu ya namna hiyo kwa kupiga mabawa ingemmaliza ndege mzito kama huyo kabla hajapata nyama ya kumrudishia kinda. David Houston, aliyewachunguza tumbusi hapo hapo Serengeti katika miaka hiyo, alionyesha kwamba wanakula nyama nyingi kuliko simba, fisi na wanyama wala nyama wengine wote wa eneo hilo kwa pamoja. Nyama yote hiyo hufikiwa kwa hewa ya moto. Ni mzigo unaobebwa na jua la Tanzania bila kulipiwa mafuta.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Ibis, na Pennycuick akarudi Bristol, akaendelea na kazi hiyo hiyo ya mruko wa ndege mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2019. Mwaka ule ule wa 1973 alipoondoka Serengeti, tarehe 29 Novemba, ndege ya abiria iligongana na tumbusi wa Rüppell juu ya Abidjan, Côte d'Ivoire, ikiwa kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Ni juu kuliko Berson na Süring walipozimia.

Glaida hazikuota mizizi Afrika Mashariki. Klabu ya Kenya iliruka kwa miaka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri, ambako upepo hupita kati ya Aberdare na Mlima Kenya. Tanzania haikupata ya kwake yenye jina. Waliorithi variometa huku ni wa paraglaida, wale wanaoning'inia chini ya bawa la kitambaa. Wageni wengi huja kila mwanzo wa mwaka Iten, Kenya, juu ya bonde la Kerio, na kifaa chao ni kidogo kuliko simu, kimefungwa pajani, kikilia mlio wa juu hewa inapopanda na mlio mzito inaposhuka ili macho yabaki kwa jirani anayezunguka karibu. Thamosi imetoweka, ndani kuna kihisi cha mgandamizo kisichozidi ukucha. Simu nyingi za siku hizi zinacho kihisi cha aina hiyo, na zipo programu za bure zinazoigeuza simu kuwa variometa. Kwenye glaida, mrija wa mbele ya mkia haukufa, kwa kuwa uongo wa fimbo hauondolewi na kihisi kizuri peke yake.

Gairo ina karibu vyote ambavyo Pennycuick alivihitaji: mwinuko, ukavu, miteremko iliyo wazi, na upepo unaozipanga nguzo za hewa kwa mistari, mawingu madogo yakifuatana kuelekea Dodoma kama yamepimwa kwa kamba. Tumbusi wenyewe sasa wanahesabika. Tumbusi mgongo-mweupe, aliyekuwa wa kawaida katika mbuga za Afrika, aliwekwa mwaka 2015 kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na sumu ndiyo inayowamaliza zaidi. Kusini mwa nchi, Ruaha na Nyerere, watafiti wa North Carolina Zoo na washirika wao wamewavisha baadhi ya tumbusi vifaa vyepesi mgongoni, vinavyopokea satelaiti na kutumia jua kama betri. Kifaa hutuma mahali ndege alipo. Alama ikikaa mahali pamoja muda mrefu kuliko kawaida, watu hutumwa kwenda kutazama kama ni mzoga uliotiwa sumu, na wakiukuta huuchoma moto kabla kundi jingine halijashuka.